Konokono Aliyemngoja Kiwavi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa mlangoni mmeshaanza kusinzia? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika shamba la viazi vitamu, waliishi marafiki wawili, Konokono na Kiwavi. Kiwavi alikuwa mnene, ana pembe, na pembe yenyewe iko mkiani. Msicheke, ndivyo alivyoumbwa. Jani moja la tembele walilila wawili, huyu huku, yule kule, kwaru kwaru, mpaka vichwa vikagongana.

Siku moja Kiwavi akasema, "Dada Konokono, mwili unanituma niingie ardhini. Ningoje. Nitarudi."

Akachimba. Akazama. Kimya.

Konokono akangoja. Mvua ikanyesha, akangoja. Jua likawaka, akangoja. Kila jani alilokula alibakiza nusu ya mwenzake. Alimkumbuka mpaka kula kwenyewe kukamshinda.

Jioni moja, vuuu! Nondo mkubwa akasimama hewani mbele yake.

"Dada, ni mimi! Nimerudi!"

"Wewe? Kiwavi wangu hana mabawa."

"Yameniota huko chini."

"Basi kula. Nusu yako hii hapa."

Nondo akajaribu. Maskini, meno hana tena! Mdomo wake umekuwa mrija mrefu, wa kunywea utamu wa maua tu. Mrija ukateleza juu ya jani, telee, telee.

"Nenda zako, tapeli! Mimi namngoja rafiki yangu."

Kesho yake, vuuu! Akaja tena. "Dada, twende basi kwenye maua ya mpapai. Nitakunywa, wewe ukae karibu yangu."

Konokono akajifungia ndani ya gamba lake.

Jioni ya tatu Nondo hakuja.

Mvua ikafukua udongo. Konokono akaona ngozi kuukuu ya Kiwavi, na pembe yake. Kando yake ganda tupu lililopasuka, lina alama ya mrija mrefu. Akaelewa. Akalia.

"Rafiki yangu! Rudi, hata kama huli jani!"

Wapi! Nondo siku zake ni chache, na zile mbili za mwisho alizimaliza akibembeleza.

Konokono akaupanda mpapai, polepole, polepole. Kila jioni hukaa kando ya ua, akisikiliza kama kuna vuuu.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: umpendaye akirudi amebadilika, mpokee alivyo. Usimdai awe yule wa zamani.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi mwenyewe imenitia simanzi.