Usiku wa Ijumaa Ni Upi?

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mbali, kwani mashine za kufunga nyuma ya boti zilikuwa zimeshafika na watu wameshaanza kuziamini kuliko mikono yao. Kaeni vizuri. Nawaambia mapema, mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hajui.

Palikuwa na kijana akiitwa Shaame, mvuvi wa kisiwa kidogo cha Mtondoo. Alikuwa na boti ndogo ya faiba na mashine moja. Boti ile haikuwahi kutoka nje ya mwamba, na Shaame mwenyewe hakuwahi kutoka nje ya mwamba. Alivua humo ndani, kwenye maji ya kuona chini, kisha akarudi kwake akala.

Mkewe, Mize, alikuwa na mimba ya kwanza. Mnajua kwetu mimba ya kwanza mke huenda kuzaa kwao. Kwao Mize ni ng'ambo ya mkondo, aliko mama yake, na iliko hospitali. Mtondoo hapakuwa hata na zahanati. Na meli ya kuvusha watu ilikuwa imeharibika, kila wiki wakiambiwa wiki ijayo.

"Mume wangu," Mize akasema, "nikizalia hapa nitakufa."

"Nitakuvusha mwenyewe," Shaame akasema. Alipokwisha kusema, akaogopa.

Akaenda kwa mabaharia wa ile meli mbovu, akauliza njia. Wakamwambia, mkondo unavuta kaskazini, basi wewe elekeza boti kusini ya unakokwenda. Akaelewa, akaogopa. Wakamwambia, mlango wa mwamba wa kule ni mwembamba, unapitika maji yakijaa tu, na wiki hii maji yanajaa baada ya isha. Akaelewa, akazidi kuogopa. Akaifungua mashine, akaisafisha, akaifunga, akaifungua tena. Akajaza tangi la petroli, akajaza na dumu la akiba. 

Kisha akapiga simu duka lililo jirani na mama yake Mize. "Mwambie Bi Mwatima tunakuja usiku wa Ijumaa. Awashe karabai, aitundike ufukweni mkabala na mlango wa mwamba, tuione."

Usiku wa Ijumaa. Neno hilo lishikeni, msiliachie.

Sasa, Shaame alikuwa na mama, Bi Hidaya, mjane wa marehemu Makame. Naye alikuwa anakwenda, kwa sababu hakuwa tayari kubaki ufukweni akingoja habari. Kila alipoitazama boti alisema neno lile lile. "Makasia yako wapi?"

"Mama, mashine ipo."

"Nimeiona mashine. Nimeuliza makasia."

"Boti ya mashine kuitia makasia ni kama kuvaa viatu juu ya viatu. Hayana pa kukaa. Tupo watu watatu, na dumu, na mzigo wa mtoto."

"Baba yako hakupanda chombo kisicho na makasia hata siku moja."

Shaame akayatoa makasia, akayaegemeza ukutani. Bi Hidaya akanyamaza, na mama mtu mzima akinyamaza hivyo, jueni hajakubali.

Safari ilipangwa Ijumaa alasiri. Lakini Alhamisi, baada ya adhuhuri, Mize alikuwa anachambua mchele, akauweka ungo chini taratibu. "Shaame," akasema, "tumbo."

"Si kesho?"

"Mtoto hajui kesho."

Wakapiga simu dukani, haikupatikana. Wakapiga tena, haikupatikana. Shaame akashika kichwa. Karabai ni ya kesho, leo kule patakuwa giza tupu, ataupataje mlango? Akamtazama mkewe amejikunja mlangoni, akaona kubaki ni kuua na kwenda pengine ni kuua. Akambeba kumpeleka botini.

Na yeye alipokuwa amembeba Mize, Bi Hidaya alitangulia. Akalitoa dumu la akiba, akalificha nyuma ya ukuta. Mahali pake akalaza makasia, akayafunika turubai. Akaingia, akakaa juu yake.

Wakatoka. Wakavuka mwamba, na maji yakawa meusi. Boti ilipanda, ikashuka, na kila iliposhuka Mize aliuma upindo wa kanga. Shaame alielekeza kusini, mkondo ukamvuta kaskazini. Akaongeza mwendo, mashine ikanywa petroli. Jua likazama, mwezi haujatoka. Mashine ikakohoa, ikazima.

Shaame akapeleka mkono chini ya turubai kutafuta dumu. Akashika mti.

"Mama, dumu liko wapi?"

"Liko nyumbani," Bi Hidaya akasema, kwa sauti ndogo.

Mimi ningekuwa Shaame, sijui ningesema nini.  Yeye alichukua kasia, mama yake akachukua la pili, wakapiga. Ngozi ya viganja ikatoka, wakapiga. Mbele yao wakasikia mawimbi yakivunjika juu ya mwamba, lakini mlango hawauoni. Kulia ni mwamba, kushoto ni mwamba, na Mize sasa alikuwa analia waziwazi.

Ndipo wakaiona taa.

Moja, nyeupe, ufukweni. Wakaielekea, wakapita katikati ya mawe, wakagusa mchanga. Bi Mwatima alikuwa amesimama chini ya karabai, kanga imemlowa hadi magotini. Mtoto akazaliwa hospitali usiku ule ule, mwanamume, mzima.

Shaame akamuuliza mkwewe, "Mama, ulijuaje kuwa tunakuja leo?"

Bi Mwatima akashangaa. "Si mlisema usiku wa Ijumaa? Jua la Alhamisi likizama, huo si usiku wa Ijumaa? Wewe ulikuwa na maana ya usiku gani, mwanangu?"

 Shaame alikusudia kesho yake.

Siku ya saba ubani ukawashwa, watu wakakaa, mtoto apewe jina. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Shaame akasema, "Ataitwa Khamis, kwa sababu amezaliwa Alhamisi. Mimi niliitafuta njia, mimi niliwavusha na hofu yangu tumboni. Na dumu langu lingebaki botini, tusingehitaji makasia ya mtu."

Bi Hidaya akasema, "Ataitwa Makame, jina la babu yake. Dumu nililitoa, sikatai. Lakini nani aliniambia mkondo utainywa petroli yote? Hata mashine ingekufa kwa ugonjwa mwingine, mngepiga maji kwa dumu? Makasia ndiyo yaliyomfikisha."

Bi Mwatima akasema, "Ataitwa Juma, kwa sababu amezaliwa usiku wa Ijumaa. Mashine yenu na makasia yenu yangewafikisha juu ya mwamba. Taa ilikuwa yangu."

"Uliiwasha kwa kukosea, mama," Shaame akasema.

"Aliyekosea ni wewe. Na ungesema sawasawa, leo tungekuwa matangani."

Watu wakaguna. Wote watatu walisema kweli, na kila mmoja akaona aibu kidogo, na hakuna aliyeliacha jina lake.

Wakamgeukia Mize. Mize alikuwa ananyonyesha. "Nyote mlinitia hofu," akasema, "na nyote mlinifikisha. Mimi siwezi kuchagua. Kila nikimwamsha namwita 'wewe'. Mpeni mtoto wangu jina."

Basi ubani unakwisha, na mtoto anangoja. Aliyepanga safari na akakosea kusema siku. Aliyeliiba dumu na kuleta makasia. Au aliyewasha taa usiku ambao aliyemwomba hakuukusudia? Je, nani anastahili kumpa jina? Na atakayejibu, kwanza aniambie: jua ndilo hilo limezama, sasa hivi tulivyokaa hapa, huu ni usiku wa siku gani?