Kindi na Ugomvi wa Upanga Uliovunjika

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, Kifaru na Nyati walikuwa marafiki wa kulimiana mashamba. Kisha wakakosana, na kilichowakosanisha ni hadithi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Bibi Nungunungu. Ilihusu mashujaa wa panga wasiokufa, na mkuu wao aliitwa Kitondo. Siku moja Bibi alisimulia mpaka pale upanga wa Kitondo unapovunjika vitani, kacha! Hapo akanyamaza, akasema kifua kinamuuma, akaingia ndani. Hakutoka tena kusimulia.

"Kitondo amekufa," alisema Nyati. "Bibi alisema uhai wao umo ndani ya panga. Upanga ukivunjika, kimebaki nini?"

"Hajafa," alisema Kifaru. "Mwanzoni kabisa Bibi alisema Kitondo alipoota mvi alipenda kukaa juani. Aliyekufa kijana ataota mvi lini?"

"Hizo ni mvi za huzuni."

"Huzuni ya nani, wakati unasema amekufa?"

Wakabishana wiki nzima, mpaka wakaacha kusalimiana.

Kindi, jirani yake Bibi, ndiye aliyempelekea maji ya moto kila asubuhi, kwa kifuu cha nazi. Paa la Bibi lilikuwa limebomoka, na masika yalikuwa yanakaribia. Kindi aliwaomba wale wakubwa wawili msaada mara tatu. Kila mara walimjibu, "Ngoja kwanza. Wewe unaonaje, Kitondo amekufa au hajafa?"

Basi Kindi akamwendea Kifaru, piti piti piti. "Mzee Kifaru, Bibi atasema ukweli wa Kitondo kwa atakayempelekea nguzo nne. Nyati asijue."

Kisha akamwendea Nyati. "Mzee Nyati, Bibi atasema ukweli wa Kitondo kwa atakayempelekea nyasi za kuezekea. Kifaru asijue."

Asubuhi iliyofuata wakakutana mlangoni kwa Bibi.

"Umefuata nini hapa?" aliuliza Nyati.

"Nimeleta nguzo. Na wewe?"

"Nyasi."

Wakachungulia ndani. Manyunyu yalikuwa yanapita kwenye paa, na Bibi alikuwa amejikunyata kitandani, amejifunika ungo kichwani. Walimsalimia kwa sauti ndogo. Kisha, bila kuambiana neno, Kifaru akaanza kuchimba mashimo ya nguzo na Nyati akaanza kufunga nyasi. Ilipofika saa nane mchana, hakuna tone lililopita.

"Sasa, Bibi, tupe lile jibu uliloahidi," alisema Kifaru.

"Jibu gani, mjukuu wangu? Mimi sikuahidi kitu."

Wote wawili wakamtazama Kindi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Niliwadanganya," alisema Kindi. "Nilipowaambia ukweli hamkunisikia."

Nyati akavuta pumzi ya hasira. Akamtazama Bibi alivyokaa pakavu, akaiachia taratibu.

"Ni Kitondo mnayemgombania?" aliuliza Bibi. "Mwisho wa hadithi ile alikuwa akiusimulia marehemu mume wangu. Katika kusimulia kwake, Kitondo alikufa palepale, upanga ulipovunjika. Tangu mwenyewe alipofariki, nikifika hapo ulimi unakataa. Zile mvi nilimwotesha mimi. Nilitaka azeeke."

"Basi asife, Bibi," alisema Nyati.

Kifaru akamsogelea rafiki yake. "Lakini kuhusu upanga, Nyati hakukosea."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akaketi vizuri, akawaambia wakae karibu, akaianza hadithi upya. Safari hii alipita pale upanga unapovunjika, akaendelea.

Nanyi wanangu, mkiipenda hadithi ya mtu, mkumbukeni na yeye mwenyewe.