Mbogo Aliyefunga Kisima

Hapo zamani, enzi ambazo kiu iliogopwa kuliko mtemi, palikuwa na nchi huko Unyamwezi ambayo kila kiangazi ilibakiwa na kisima kimoja tu. Mito iligeuka mchanga, visima vingine vikakauka, lakini kisima cha Mwasala hakikukauka, kwa sababu kilizungukwa na kichaka kizito cha miiba kilichokikinga na jua. Kichaka hicho hakikukatwa wala hakikuchomwa. Watoto walifundishwa hivyo kabla hawajajua kuamkia wakubwa: ukichoma kichaka, umechoma maji.

Mtawala wa nchi hiyo alikuwa mwanamke, Mtemi Ngolo. Alikuwa na mwana mmoja, jina lake Luhende.

Luhende alipenda kuwinda. Hakuwinda kwa njaa, maana kwao nyama haikukosekana. Aliwinda kwa kupenda. Alipiga pofu, akakata pembe, akaenda zake. Alipiga kongoni, akakata mkia, akaenda zake. Alipiga twiga, hakukata chochote, akaenda zake. Nyama ikiwa karibu, watu waliifuata na vikapu. Ikiwa mbali, waliila tai. Na Luhende akirudi, wanawake walimwimbia, na aliyeimba kwa sauti kuliko wote alikuwa Milembe, mama mwenye mtoto mchanga.

Luhende alikuwa na mfuata nyayo wake, Sungwa. Sungwa aliweza kusoma majani yaliyokanyagwa kama wewe unavyousoma uso wa mtoto wako. Lakini silaha hakuwahi kuishika. Kazi yake ilikuwa kufuata damu, basi.

Na katika nchi hiyohiyo alikuwapo Kasubi, mwindaji wa upinde mfupi. Huyu aliwinda ili watoto wake wale. Siku asipopata, sufuria haikutelekwa.

Wawindaji wa nchi hiyo walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mnyama ni wa aliyemwaga damu yake kwanza, hata akifia mkononi mwa mwingine. Ya pili: aliyefungua jeraha ndiye hulifunga. Ukimjeruhi mnyama, huoshi mikono mpaka umemwona amekufa.

Basi siku moja Luhende akamkuta mbogo dume mbugani. Gobore likalia. Mbogo akapiga goti, akainuka, akaingia kwenye majani marefu. Sungwa akaifuata damu, akakawia huko, kisha akarudi.

"Vipi?" akauliza Luhende.

"Amekwisha, mwana wa mtemi. Kesho tai watatuonyesha alipo."

"Umemwona?"

"Nimeiona damu yake."

"Basi inatosha." Luhende akaosha mikono, akaenda ngomani.

Kumbe Sungwa alikuwa amedanganya. Damu aliyoiona ilikuwa matone machache, na mbele kidogo alimwona mbogo mwenyewe, amesimama, anahema, risasi imemwingia kwenye nyama ya bega. Akamtazama. Mbogo akamtazama. Sungwa akarudi kinyumenyume na kusema alichosema.

Kesho yake Kasubi alikuwa akitafuta swala, akamwona mbogo yule karibu na kichaka cha Mwasala. Bega limevimba, nzi wamelijaa, mguu wa mbele anauburuta. Kasubi akaweka mshale kwenye uzi. Akavuta. Halafu akaulegeza uzi, akautia mshale kwenye podo.

"Huyu ana mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikwenda kuteka maji. Milembe alimwacha mtoto kwa bibi yake akatangulia mbele, maana alikuwa na haraka ya kurudi kunyonyesha. Hakusikia kitu. Aliona tu miiba inafunguka. Mbogo alimtupa, mtungi ukapasuka huku, yeye akaanguka kule, mguu umevunjika. Wenzake wakapiga kelele, wakamrushia mitungi yao, mbogo akasita, wakamburuta Milembe wakakimbia naye. Mbogo hakuwafuata. Aligeuka, akarudi kichakani, akalala kando ya kisima.

Tangu hapo hakuna aliyeteka maji.

Watu walijaribu. Walipiga ngoma na madebe, mbogo hakutoka. Waliingiza mbwa, wakasikia mbwa wakilia, kisha hawakuwasikia tena. Kuchoma kichaka hakuna aliyethubutu hata kukutaja. Na kumsubiri haikusaidia, kwa kuwa yeye alikuwa na majani na maji. Wao ndio waliokuwa hawana. Maji yakafika chini ya mitungi, watu wakaanza kuiinamisha, kisha wakaanza kuifuta kwa vidole.

Mtemi Ngolo akaita watu wote uwanjani kwake. Milembe aliletwa juu ya kitanda cha kamba, mtoto kifuani. Mtoto alikuwa akilia na kuvuta titi, akiliacha, akilia tena.

Mtemi akasema, "Njia ya kichakani ni ya mtu mmoja, tena aliyeinama. Wakiingia wawili watazuiana, na wa mbele atakufa kwa sababu ya wa nyuma. Lazima aingie mmoja. Nataka kujua nani alimleta mnyama huyu kwenye maji yetu."

Watu wakamtazama Luhende.

Luhende akasimama. "Nilimpiga mimi, Mtemi. Sikatai. Lakini niliambiwa amekufa. Ningeambiwa yu hai, nisingeosha mikono."

"Nani alikwambia?"

"Sungwa."

Sungwa akasimama. Akasema polepole, "Nilimwona yu hai. Nilisema amekufa ili aachwe aishi. Nimeifuata damu ya wanyama wa mtu huyu tangu ndevu zangu hazijaota. Wengine tuliwakuta wakikata roho, pembe ikakatwa wangali wanatutazama. Nilichoka. Jeraha lilikuwa la nyama tu. Nilidhani litapona."

"Ulidhani!" akafoka Kasubi. "Mfuata nyayo naye anadhani?"

"Nilimhurumia, ndugu yangu."

Milembe akajiinua kwa kiwiko. "Kaka Sungwa, ulimhurumia mbogo. Na mguu wangu nani anauhurumia?"

Sungwa akautazama mguu ule.

"Na wewe Kasubi usipayuke sana," akasema mzee mmoja mwenye kuchunga mbuzi. "Mimi nilikuwa kilimani. Nilikuona. Ulikuwa umevuta upinde."

Kasubi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Nilivuta, ndiyo. Ningeachia, angekufa palepale. Lakini niulizeni kwa nini sikuachia. Kiangazi kilichopita nilimkuta pofu wa Luhende, taya limevunjwa kwa risasi, hawezi kula, anatembea tu akisubiri kufa. Nikammaliza. Nikapewa nini? Nikaitwa mwizi. Hapahapa, kwenye uwanja huu! Nikatozwa mbuzi, mbuzi ambaye wanangu walikuwa wakinywa maziwa yake. Mtemi wangu, ni wewe uliyenitoza."

"Ndivyo sheria inavyosema," akasema Mtemi.

"Basi niliitii."

Luhende akamgeukia. "Sema na lingine, Kasubi. Sema kwamba ungejua nyama ni yako, ungemuua. Unajifanya mtu wa huruma, na wewe huwinda kila siku ya Mungu."

"Mimi nawinda ili watoto wangu wale! Nikimuua swala humwomba radhi. Wewe unaua kwa mchezo."

"Na swala anakusikia ukimwomba radhi? Kwake yeye, mshale wako na risasi yangu vina tofauti gani?"

Watu wengine wakaguna. Mmoja akacheka, akazibwa mdomo na mkewe.

"Mnaniuliza kwa nini nawinda," akaendelea Luhende, na sauti yake ikashuka. "Hamjawahi kuniuliza, lakini nitasema. Nikikimbia mbio nanyi, mnajikwaa makusudi ili nishinde. Nikisema neno la kipumbavu, mnapiga makofi. Mnyama hajui mama yangu ni nani. Nikikosea, ananiua. Ni yeye peke yake katika nchi hii asiyenidanganya. Na nikirudi na pembe, nani alinikataza? Mliimba."

"Tuliimba," akasema Milembe. "Mimi niliimba kuliko wote. Na nyama nilikula. Haya, nimevunjika mguu, nimelipa yangu. Sasa mwanangu anadaiwa nini?"

Na hapo watu wakagundua kitu kilichowafanya wageuke wote kwa pamoja. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Macho yalikuwa wazi, mdomo wazi, midomo imekauka kama ganda la kitunguu. Bibi yake akachovya kidole kwenye kibuyu, akakitoa kikavu.

"Aingie mtu!" akalia bibi. "Aingie yeyote, mtajadiliana baadaye!"

Luhende akachukua gobore lake. "Sheria ya pili inanijua. Nilifungua jeraha. Nitalifunga mimi."

Kasubi akamzuia kwa mkono. "Simama kwanza. Umewahi kuingia kichakani kwa mbogo aliyejeruhiwa?"

"Sijawahi."

"Wewe hupiga mbugani, watu wamekuzunguka. Mle ndani gobore hilo halina pa kugeukia. Litakwama kwenye miiba, na yeye hatangoja ulikwamue. Mtemi wangu, ukimtuma mwanao, hutapata maji. Utapata msiba, na mbogo atabaki palepale."

"Basi ingia wewe," akasema Luhende.

"Naweza," akasema Kasubi. "Upinde wangu ni mfupi, na nimewahi kuingia mahali kama pale nikatoka. Labda nitatoka tena, labda sitatoka. Lakini niambieni: nilikosa nini? Nilipommaliza mnyama mliniadhibu. Nilipomwacha mnanilaumu. Nikifa, wanangu watakula pembe zilizotundikwa kwenye ua wa Luhende?"

Mkewe Kasubi alikuwa ameshika nguo yake kwa nyuma, hakuiachia.

Sungwa akasogea mbele. Alikuwa amevua viatu vyake vya ngozi, amevishika mkononi.

"Nipelekeni mimi," akasema. "Sijui kuua. Lakini najua kutembea bila kusikika mpaka nimfikie, na mbogo akiniona atanifukuza. Nitakimbilia nje. Akitokea mahali pa wazi, Luhende ampige, Kasubi ampige, ampige yeyote. Uongo ulikuwa wangu."

"Utakimbia mbio na mbogo kwenye njia ya kuinama?" akauliza Kasubi. "Sungwa, hutafika nje."

"Najua. Lakini atakuwa ameanza kukimbia, na mbogo akishaanza hasimami mpaka nje."

"Au atasimama juu yako," akasema Kasubi, "arudi alipolala. Na sisi tutakuwa tumempoteza mtu asiyemwaga hata tone la damu ya mnyama."

"Nilimwaga ya Milembe," akasema Sungwa.

Mtemi Ngolo akainuka kwenye kiti chake. Katika nchi ile, mtemi akimwelekezea mtu fimbo, mtu huyo hakatai, na waliobaki hawamlaumu tena mtemi wala mtu huyo. Akainua fimbo. Kwanza akamtazama mwanawe, naye Luhende akasema, "Usinitazame kwa macho ya mama. Nitazame kwa macho ya mtemi." Akamtazama Kasubi, na mke wa Kasubi akafunika uso. Akamtazama Sungwa, na Sungwa akaweka viatu vyake chini, vimekaa pamoja, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.

Kutoka upande wa kisima wakamsikia mbogo akikoroma.

Kwenye kitanda cha kamba Milembe alikuwa akimpulizia mtoto usoni, anampulizia, anasubiri, anampulizia tena. Fimbo ya Mtemi ilikuwa bado juu.

Mimi nilisimuliwa mpaka hapo, na aliyenisimulia alinikazia macho, kama ninavyowakazia ninyi sasa. Yuko aliyeua kwa mchezo, akaondoka kwa kuambiwa uongo. Yuko aliyedanganya kwa huruma. Yuko aliyeweza kumaliza yote kwa mshale mmoja, akazuiwa na sheria na uchungu wa mbuzi wake. Anayedaiwa na sheria huenda asiweze, anayeweza hadaiwi na sheria, na anayejitolea hajui kuua.

Mtoto hana muda. Haya, wasikilizaji wangu, shikeni fimbo ya Mtemi: ingekuwa mkononi mwako, ungemwelekezea nani?