Mzee Ngiri Amkaribisha Chui Chai

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, na anayetafuna muhogo ameze kwanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana chai, aliishi Sikudhani, mke wa Ngiri. Mumewe alikuwa safarini. Nyumbani alibaki na watoto na baba mkwe wake, Mzee Ngiri, ambaye uzee ulimpunguzia usikivu. Masikio alikuwa nayo, tena makubwa, ila hayasikii! Naye aliona haya kusema, kwa hiyo kila akiambiwa jambo, huitikia, "Naam, naam!"

Siku ya kwanza Sikudhani akapaza sauti toka jikoni: "Baba, niletee kuni!"

"Naam!" Mzee akaenda, akarudi na Kuku na vifaranga kumi na wawili.

"Tumeitwa," akasema Kuku. "Tunakula nini?"

Siku ya pili Sikudhani akasema huku amempa mgongo: "Baba, anika mpunga!"

"Naam!" Mzee akaenda kumwalika Punda. Punda akaja, akamaliza mpunga wote, akaomba na maji.

Sikudhani akashika kiuno. "Basi! Kuanzia leo simwambii kitu."

Na kweli hakumwambia. Yeye na watoto wakala, wakapiga soga, wakacheka. Mzee naye akacheka, asijue anacheka nini. Inauma, jamani, kuwa mgeni kwako mwenyewe.

Siku moja, mchana kweupe, mzee ameketi nje, Sikudhani akachungulia toka shimoni, ndimo nyumbani mwao. Lo! Chui huyo anakuja! Amejitanda shuka mwili mzima, mkia unaburuzika nyuma.

"Baba, chui! Chui, Baba!"

"Chai?" Mzee akafurahi, maana siku nyingi hajasemeshwa. "Tieni na tangawizi!" Akamwona mwenye shuka. "Karibu mgeni, chai inakuja!"

Chui akanguruma: "Nimekuja kukula!"

"Kulala? Nafasi ipo."

"Nitakutafuna!"

"Unatafuta? Umempoteza nani?"

Chui akaduwaa. Tangu azaliwe hajaona kitoweo kikimkaribisha.

 Sikudhani angeweza kubaki shimoni na wanawe, lakini moyo ulimchoma. Akatoka mbio, akasimama mbele ya mzee, akamshika bega, akamtazama usoni, akasema polepole: "Baba. Chu-i." Akamwonyesha ule mkia.

Mzee akaelewa papo hapo. Akamsukuma mkwewe ndani, naye akafuata kinyumenyume, kama waingiavyo ngiri, pembe zimeelekea nje. Chui akaruka, pua ikakutana na pembe. Alikimbia huyo, shuka akaliacha!

"Mwanangu," mzee akasema akihema, "mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuambia, Baba! Nimepiga kelele mpaka koo limekauka!"

"Ehe, kelele ulipiga. Kuniambia, umeniambia ulipokuja pale mbele yangu." Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi nina makosa. Sisikii, na bado naitika."

Sikudhani akacheka, akalia, akamkumbatia.

Basi, wenzangu, mzee wako akipungua usikivu, usimwongezee kelele wala usimnyamazie. Msogelee, mtazame, sema naye taratibu. Na wewe usiyesikia, sema hujasikia, si aibu.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyesikia akasimulie kwao. Asiyesikia aje mbele yangu nimrudie.