Kokugonza na Dirisha Jeusi

"Ukichoka na mwendo, hamisha mwanzo." Mmelisikia neno hili likisemwa sokoni na kwenye vikao, na leo mmeniuliza lilitoka wapi. Wala halikutoka mbali. Chimbuko lake ni hili.

Hapa Bukoba palikuwa na redio ndogo iliyoitwa Redio Mshumaa. Kipindi chake cha salamu za mchana kilishikwa na Kokugonza, mwanamke asiyeona tangu utotoni, mwenye sauti ya kumtuliza hata aliyefiwa. Wasikilizaji walipiga simu, wakasalimu ndugu zao, wakaomba wimbo, naye akaupiga.

Shida ilikuwa kwenye kuupiga. Kokugonza alitumia kompyuta kwa masikio: mashine ilimsomea maneno, naye akaijibu kwa vidole. Programu ya nyimbo ya kituo ilikuwa picha tupu, haisomeki kwa sauti. Kwa hiyo alitumia dirisha la amri, lile dirisha jeusi ambalo mtu huiandikia kompyuta anachotaka ifanye. Lakini kila lilipofunguka, lilianzia kwenye folda ya mfumo, mbali kabisa na nyimbo. Ilimbidi aandike njia nzima, folda ndani ya folda, mpaka afike. Tena kompyuta ile kuukuu ilikuwa ikikwama dirisha likiachwa wazi, basi kila wimbo ulikuwa safari mpya.

Wakati huo wote hewani kimya. Watu wakatania: "Redio imekwenda kuchota maji, itarudi."

Meneja, Mzee Rwegasira, alivumilia, halafu akamwita. "Mwanangu, sauti yako naipenda. Ila kimya kile kinatufukuzia wasikilizaji. Ijumaa utamaliza. Jumatatu kipindi nampa mwingine, wewe utahamia maktaba yetu ya kanda za nyimbo."

Kokugonza aliitikia tu, "Sawa, mzee." Lakini moyo ulimwuma. Kipindi kile ndicho kilichomfanya ajulikane kwa jina lake, kabla ya hapo mtaani aliitwa "yule kipofu."

Akajifunza kuandika mbio. Alipiga vidole juu ya meza ya chakula mpaka mama yake akamwambia aache, chai inamwagika. Haikufaa kitu. Kadiri alivyoharakisha ndivyo alivyokosea herufi, na herufi moja ikikosewa safari yote inarudiwa.

Ijumaa asubuhi alikaa studio na Ishengoma, fundi wa mitambo.

"Kaka, tuzisogeze nyimbo pale dirisha linapoanzia."

"Hazienei, dada. Diski ya mfumo imejaa hadi mdomoni."

Kokugonza akalifungua dirisha, akasikiliza linapoanzia. Kisha akauliza, "Hivi ni nani aliyeamua dirisha lianzie pale?"

"Hakuna. Ndivyo lilivyokuja."

"Kama hapa kituoni hakuna aliyeamua, basi acha niamue mimi."

Ishengoma akakuna kichwa. Hilo hakuwahi kulifikiria, ila alijua kwamba alama ya kufungulia dirisha ina sifa zake, yaani mipangilio inayoweza kubadilishwa. Kokugonza akazifungua kwa kibodi, akapita kisanduku baada ya kisanduku, mashine ikimsomea, hadi akasikia kile kinachotaja folda ya kuanzia. Akafuta kilichomo. Akaandika polepole njia ya kwenda kwenye nyimbo, akahifadhi.

Akafungua dirisha. Mashine ikamsomea folda ileile ya zamani.

"Imekataa, kaka."

"Ngoja. Umelifungulia wapi?"

Hapo akashtuka. Kwa mazoea alikuwa ameliita dirisha kwa kuandika jina lake, wala hakupitia ile alama aliyoibadilisha. Akalifunga. Akaitafuta alama yenyewe, akabonyeza. Mashine ikasema: "Nyimbo."

Kokugonza alipiga kigelegele mpaka walinzi wakaja mbio kuona kuna nini.

Mchana kipindi kikaanza. Mzee mmoja wa Kashozi akaomba wimbo uliopigwa siku alipooa. Kabla hajaweka simu chini, ngoma zikalia, na wasikilizaji wote wakamsikia hewani akimwita mkewe: "Njoo! Njoo usikie, tayari umeanza!" Simu zikafuatana. Salamu, wimbo, salamu, wimbo, hakuna pengo hata la kumeza mate.

Mzee Rwegasira akaingia studio, akasimama mlangoni mpaka wimbo mwingine ulipoanza.

"Kokugonza, vidole umeviazima wapi?"

"Ni vilevile, mzee. Nilikuwa nachoka na mwendo, nikahamisha mwanzo."

Mzee akacheka kwa sauti. "Basi Jumatatu usichelewe. Kipindi ni chako."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Maneno yale yaliingia kila nyumba iliyokuwa na redio. Kabla ya jioni, mwanamke mmoja aliyekuwa akipandisha ndizi mlimani kila siku kwenda kuziuza akaamua kupanga kibanda kandokando ya barabara ya chini, na alipoulizwa sababu akajibu kwa maneno ya Kokugonza. Tangu hapo yakawa ya watu wote.

Basi mkimwona mtu anakimbia njia ndefu huku akiilaumu miguu yake, msimwambie aongeze mbio. Mwulizeni nani alimwamuru aanzie pale. Ukichoka na mwendo, hamisha mwanzo.