Kiinua Mgongo cha Mpishi Mwinjuma

Hapo zamani, zamani ile ambayo kuku walikuwa na meno na matajiri hawana, palikuwa na mpishi akiitwa Mwinjuma. Mpishi gani! Akifunua sufuria la pilau, wagonjwa wanashuka vitandani, na siku moja maiti alinyanyuka kwenye jeneza akauliza, "Mmenibakishia?" Mnacheka? Jeneza lenyewe mimi nimeliona!

Mwinjuma alimpikia tajiri Shambe miaka ishirini. Mwaka wa ishirini na moja meno ya Shambe yakang'oka yote, isipokuwa moja la kuonyeshea wageni. Akawa mtu wa uji. Akamwita mpishi wake.

"Mwinjuma, kazi imekwisha. Kiinua mgongo chako ni ng'ombe yule mwenye mimba. Lakini utie dole gumba kwenye karatasi hii: hutampikia mtu yeyote pilau mji huu mpaka nife."

"Kwa nini, bwana?"

"Mimi ninywe uji, jirani ale pilau yangu? Thubutu! Ukikataa, ondoka na mwiko wako mtupu. Nakupa mpaka Ijumaa."

Mwinjuma akarudi nyumbani, kichwa kizito kama gunia la mchele. Akiwaza kukataa, watoto sita wanamtazama, na ng'ombe alikuwa akimwona ndotoni tu. Akiwaza kukubali, vidole vinamwasha. Mikono ile bila mwiko ingefanya nini, ikune mbavu?

Mkewe, Kidawa, hakuwaza hata kidogo.

"Tia dole, baba Rehani."

"Na pilau, mama?"

"Karatasi imesema nani asipike?"

"Mimi."

"Jina langu limo?"

"Halimo."

"Basi tia dole, ng'ombe asije akazalia kwa watu!"

Ijumaa akatia. Akaondoka akivuta ng'ombe, akivuta na kamasi za kilio.

Mwezi haujaisha, jirani wa Shambe akaozesha binti. Kidawa akainjika masufuria matatu, makubwa hata mpakuaji anashukia kwa ngazi. Mwinjuma kaketi kitini, moto kaupa mgongo, mikono kaikalia. Ananusa tu.

"Punguza kuni!"

"Nimepunguza."

"Bizari! Sasa hivi, mwanamke, inakufa hiyo!"

"Imeshaingia, hebu tulia!"

Harufu ikapanda, ikaruka ukuta, ikaingia kwa Shambe bila hodi. Shambe akalia mpaka uji ukafurika bakuli. Akaja mbio na fimbo.

"Nirudishie ng'ombe wangu!"

Mwinjuma akanyoosha mikono. "Bwana, nusa. Mikono hii ina bizari? Nimetia dole na nimelitunza. Sikugusa hata kifuniko!"

Kidawa akaja, mwiko begani. "Mzee wangu, mimi hukuniajiri wala hukunifukuza. Nimepika kwa mikono yangu. Tena huyo ng'ombe majani namkatia mimi."

Shambe akagonga fimbo chini. "Sikununua mikono! Nilinunua raha ya pua yangu! Na ulimi wako, Mwinjuma, umepika kutwa, mtaa mzima umeusikia!"

Wakaenda kwa kadhi, ng'ombe wakimvuta. Wakamkuta kalegeza mkanda, kala sahani nne za harusi ile ile.

"Mimi ni shahidi," akasema, "si hakimu."

Basi ng'ombe yuko katikati, uchungu umemshika. Shambe kakamata kamba, Mwinjuma kakamata pembe, Kidawa kapiga magoti anapokea ndama. Nanyi mliokaa midomo wazi, amueni: je, nani anamstahili ng'ombe huyu? Na ungekuwa wewe, lile dole ungelitia?