Askari wa Mia na Ishirini na Moja

Filimbi ililia mara moja usiku, ikakatika.

Watoto watatu wa Sajini Ambakisye waliisikia, na hakuna aliyeinuka. Walishaizoea. Baba yao alikuwa akilala nayo shingoni tangu vita vya mpakani, miaka arobaini iliyopita, na ndoto ilipomkaba aliipuliza bila kuamka. Lakini asubuhi hiyo mzee, ambaye daktari alishamrudisha nyumbani akafie kitandani kwake, aliweka kikombe chini akasema filimbi ataichukua yule atakayemwonyesha kama siku ile vitani aliipuliza mapema mno.

Sasa sikilizeni vipaji vyao. Lusajo, mkubwa, alikuwa seremala, mti ulimtii. Tusajigwe, binti aliyemfuata, alifundisha hisabati, namba zilimtii. Anyosisye, kitinda mimba, hakuwa na kazi ya kueleweka, ila watu walimwambia mambo ambayo hata mchungaji hawakumwambia. Na wote watatu walijua kwamba baba alikwenda vitani na mdogo wake, akarudi peke yake. Jina la huyo mdogo halikutajwa katika nyumba ile. Aliyeliuliza aliachwa mezani na sahani yake.

Anyosisye alikaa na mzee siku nne, akimkanda miguu. Akatoka na vita vizima: mto uliofurika, daraja la magogo, kilima alikotokea adui. Wetu walikuwa mia na ishirini na mmoja, wao mia nne. Filimbi ikilia, wetu warudi nyuma na daraja likatwe.

Lusajo aling'oa mlango wa stoo, akaulaza juu ya mapipa mawili. Akachonga kilima, akachimba mto, akaupaka buluu. Akachonga askari mpaka vidole vikaota sugu.

Tusajigwe akabaki na kazi isiyoonekana kwa macho: kila askari apewe uhai kiasi gani, na uhai huo upungue vipi watu wanapokuwa mamia?

Kwanza alimpa kila askari kipande chake na punje tatu za mahindi. Dadu likimpata, punje moja inaondoka, zikiisha, amekufa. Walianza saa nne asubuhi. Saa kumi jioni adui hajafika darajani, na mzee anakoroma.

Akabadili. Kipande kimoja kikawa watu ishirini, na punje zikabaki tatu. Vita vikaisha upesi mno. "Mwalimu," Lusajo alimcheka, "vita yako imekwisha na ugali haujaiva." Mzee hakucheka. Alisema watu ishirini hawafi kwa mapigo matatu kama kuku wenye ugonjwa wa mdondo.

Akakipa kipande punje ishirini, punje moja kwa mtu mmoja. Hapo kikazuka kichekesho kingine: kipande kilichobakiwa na punje moja kiliendelea kurusha madadu yote manne ya kikosi kizima, yaani mtu mmoja akipigana kama ishirini. Tusajigwe akaweka sheria: kila punje tano zikiondoka, dadu moja linaondoka nazo. Kisha akamuuliza mzee vikosi vinakufaje. Mzee akajibu kwamba kikosi hakifi, kinavunjika. Nusu wakianguka, nusu iliyobaki inakimbia. Hilo nalo akaliandika: kikifika punje kumi, dadu liamue kama kinasimama au kinatoroka.

Sasa vita vilichukua saa moja, na mzee alivitazama mpaka mwisho bila kusinzia. Kwa siku kadhaa walicheza mara thelathini sajini akipuliza mapema, mara thelathini akichelewa. Akichelewa, vikosi vyote sita vilivunjika, kila mara. Akipuliza mapema, vitano kati ya sita vilivuka.

"Uliwaokoa, baba," Tusajigwe alisema. "Namba hazidanganyi."

Mzee alikuwa akitafuta kitu mezani. Alipapasa ukingo wa mto, akapapasa nyuma ya kilima.

"Mama," akamwambia binti yake Tusajigwe, "ishirini mara sita ni ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Na mimi nilisema wangapi?"

Tusajigwe alihisi uso ukimwaka. Alikuwa amemkata yule mmoja, kama anavyowaambia wanafunzi wake wakate baki dogo lisiloharibu jibu. Lusajo alienda nje, akarudi na askari mmoja, mdogo kama kidole gumba. Anyosisye alimuuliza mzee: askari huyu asimame wapi? Mzee akamsimamisha ng'ambo ya daraja, upande wa adui, peke yake, mahali ambapo mtu hutumwa kuchungulia. Ndipo wote wakafahamu huyo alikuwa nani, na kwa nini baba yao angetaka kuchelewa.

Tusajigwe akashika punje. Kwa sheria yake mwenyewe, mtu mmoja ni punje moja. Lusajo, kaka yake, alimnong'oneza ampe hata tano, nani atamlaumu. Akahesabu tano, akaziweka miguuni pa yule askari, na hakuthubutu kumtazama mzee.

Mzee aliziondoa nne, moja moja, akazirudisha kiganjani mwa Tusajigwe.

"Alikuwa na moja," akasema.

Wakacheza upya, siku baada ya siku. Akipuliza mapema, daraja lilikatwa na yule mmoja akabaki ng'ambo. Akichelewa, vikosi sita vilivunjika, na yule mmoja aliangukia darajani, hatua tatu kabla ya kufika. Mara sitini, na hakufika hata mara moja. Tusajigwe alizipitia sheria zake zote akitafuta kosa. Alilitamani kosa. Hakuliona.

Mzee akavua filimbi, akailaza mezani, kati ya kilima na mto.

Haya, mliosikiliza. Bila Anyosisye, kusingekuwa na vita vya kuchezwa. Bila Lusajo, vingebaki maneno. Bila Tusajigwe, mzee asingepata jibu, ingawa ni yeye aliyemkata mtu mmoja na ni yeye aliyejaribu kudanganya kwa ajili yake. Na jibu lenyewe halikumponya yeyote. Mngekuwa ninyi, filimbi mngempa nani?

Amueni, lakini jueni kwamba Lusajo alimuuliza mzee swali hilo hilo: "Baba, filimbi ni ya nani?" Mzee hakuwatazama watoto wake. Alimwinua yule askari wa punje moja, akamfuta vumbi la mbao usoni kwa kidole gumba, akalitaja jina:

"Gwakisa."